Kompyuta Iliyovalishwa Sweta

Alfajiri, gizani, feni ya kompyuta kuukuu ilikohoa ikanyamaza. Kivinjari kikajifunga kwa mara ya nne, kikaondoka na fomu ya Vaileth ya chuo cha ualimu. Mwisho wa kuituma ni leo jioni. Sasa yumo kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara kwenda mjini, amempakata bintiye Loveness. Baada ya shikamoo amegundua kuwa mzee aliyeketi naye, Mwishehe, ni fundi wa kompyuta.

“Skrini inachora mistari, baba, halafu brauza inajifunga yenyewe. Na mie naitunza, naifunika kitambaa cha kufuma.”

“Hata ikiwa imewaka?”

“Vumbi la kwetu Kibamba hulijui, baba.”

“Mwanangu, unaivalisha sweta kwa joto hili la Dar, halafu unashangaa inazimia?” Abiria wa nyuma akacheka. “Ifunue ipumue, kisha uapdeti hiyo brauza, uweke toleo jipya.”

“Ya zamani ile, itaweza kweli?”

“Hata mie wa zamani, na basi nimepanda mwenyewe.”

Vaileth alikiwaza kile kitambaa. Vumbi ni vumbi. Ila alipopiga hesabu ya saa zilizobaki hadi jioni, aliona zinatosha kurudi nyumbani, kuifunua kompyuta na kuituma fomu. Basi liliposimama, Loveness akamgeukia mzee, akamwambia kwa sauti, “Mama yangu atakuwa mwalimu.”