Makaburi Saba Kando ya Kinamasi

Sogeeni, wanangu, sauti yangu imebaki fupi na sitarudia neno. Chrispinus, kaa chini. Anayemsikiliza mgonjwa akiwa wima huonekana ana gari linalomngoja. Mugeni, niinulie mto. Nerima, wewe andika, maana kaka zako hukumbuka vizuri yale wanayoyapenda tu.

Mali ni chache, naimaliza kwanza. Shamba la juu ni la Chrispinus. Nyumba hii na ng'ombe wawili wa jembe ni vya Mugeni. Nerima achukue vitabu vyangu na kile kipande cha bondeni kinachogusa mafunjo ya kinamasi, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuniuliza maji ya kisima yanatoka wapi. Baba yenu Maloba alilala hapo nyuma ya jiko kabla hajaona vigingi vya barabara, alinusurika.

Miaka ishirini na saba nilikuwa mkalimani wa mahakama kule Tororo, nikitafsiri uongo wa watu wa lugha nne kwa uaminifu mkubwa, kwa hiyo wakubwa hawanishangazi tena, wananichosha tu. Walipoweka ule ubao kwamba kinamasi kimehifadhiwa, waling'oa majimbi yangu, wakasema ndege korongo wanahitaji utulivu, nami nikatii. Mwaka jana wakaja na vigingi vyekundu: barabara ya njia nne, ipitishe malori yanayopanga foleni mpakani Busia, ikate kinamasi hicho hicho na nyumba kumi na mbili za hapa Masaba. Nikamuuliza bwana wa vigingi, "Na korongo?" Akasema, "Mama, korongo watazoea."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, si la kijiji. Nilikuwa nimesikia kwamba wapimaji hukwepa makaburi, basi nikawashawishi majirani tukainua matuta saba kando ya mafunjo, tukayachomeka misalaba, Mungu atusamehe, hata maua tukapanda. Mzee Okiror peke yake alikataa. Alisimama na jembe lake begani akaniambia, "Mama Chrispinus, kaburi halichimbwi kwa mzaha." Nikamwita mwoga mbele ya watu, na mpaka leo hatusalimiani.

Wapimaji hawakukwepa kitu. Walimtuma mthamini wa fidia, mtu mpole, akapita tuta kwa tuta akiuliza, "Hapa amelala nani?" Sita niliyapa majina ya watu waliokufa kweli wakazikwa kwingine. La saba, majina yakaniishia. Mnajua kwetu kumtaja mtu aliye hai kuwa ni maiti ni kumwitia kifo, na mthamini anangoja, jua kali, kalamu iko juu ya karatasi. Nikajitaja mwenyewe: Ariokot, mjane wa Maloba. Akaandika, akanipa pole.

Ndiyo maana barua yetu ya pingamizi, kurasa tisa, saini yangu juu na za nyumba zote chini, imerudi. Nerima alinisomea: pingamizi la marehemu halipokelewi, na ofisi inaungana na familia katika msiba. Katika barua zote nilizowahi kupata kutoka ofisini, hiyo ndiyo yenye adabu kuliko zote. Nilicheka hadi kifua kikabana, na hakijaachia tangu siku hiyo.

Basi shikeni hili. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kitandani hapa. Alhamisi jopo linasikiliza mapingamizi kwa mara ya mwisho, pale shuleni Buhehe. Msiandike barua nyingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kesho asubuhi mwende kwa Okiror, mumwombe radhi kwa jina langu, mumwombe na jembe lake, mkayasawazishe matuta yote saba mchana kweupe, watu wakiona. Kisha Alhamisi msimame ninyi watatu mseme: makaburi yalikuwa ya uongo, mama yetu ndiye aliyeyatunga, lakini nyumba kumi na mbili ni za kweli na kisima ni cha kweli, na kinamasi kikijazwa mawe, kisima kitakauka. Watawacheka. Waacheni wacheke, wakimaliza watalazimika kuandika.

Chrispinus, nitazame. Najua fidia ya matuta umekwisha kuifungulia duka mjini, kichwani mwako. Sikulaumu, una watoto, na huenda barabara ikaja hata mkisema kweli. Nimechoka mno kukudanganya juu ya hilo. Lakini ukila pesa za kaburi la mama yako naye angali anapumua, duka hilo utalifungua kila asubuhi kwa mkono gani? Usinijibu. Nenda tu na wenzako.

Maji... Kidogo. Inatosha.

Mungu awatangulie. Awape kusema bila kutetemeka... asiwaache mkagombana. Awape wajukuu zangu maji ya kunywa.

Nikienda kabla ya Alhamisi, msipige yowe. Funikeni mwili. Shemeji yangu Awor atakaa nami, ninyi mwende Buhehe. Watu watasema watoto wa Ariokot walimwacha maiti ndani wakaenda mkutanoni. Waseme. Matanga yana siku nyingi, jopo lina moja.

Mkirudi... ingieni kwanza humu, mniambie walivyojibu. Ndipo mlie.