Kamera Iliyonyweshwa Mafuta

Benchi la pale kwenye kona, kati ya meza ya fundi saa na kibaraza cha mshona nguo, lilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao hawakukosa la kubishania maadamu buli la kahawa lilikuwa na moto chini yake. Siku hiyo alifika binti mmoja, mtoto mgongoni, kamera ya zamani ya filamu kifuani, ameikumbatia kama yai, na alipoanza kusema hakupumua: shikamooni, ni ya baba, imekwama, tafadhali msiifungue nyuma, mwanga ukiingia filamu inaungua, humo mna picha ya baba amempakata mjukuu wake, hiyo tu, hatuna nyingine, mimi ndiye niliyeipiga, nilibonyeza kitufe kikazama kikabaki hukohuko, mlio sikuusikia, na baba tumeshamzika, na mimi sijui.

— Kaa kwanza, mwanangu, alisema Fundi Saa. Kamera haipumui, wewe pumua.

Alikaa. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebanwa mgongoni kwake.

— Hiyo ni betri, alisema Profesa, aliyepewa uprofesa na benchi lenyewe kwa wingi wa maneno.

— Haina betri, mzee, alisema binti.

— Si ndiyo maana imekwama.

Fundi Saa alikuwa ameshatoa kioo cha mbele kwa bisibisi yake ndogo. Akawaonyesha vibati vyembamba vilivyolaliana kama magamba ya samaki.

— Hili ndilo pazia lake. Ukibonyeza, linafunguka kufumba na kufumbua, mwanga unaingia, linafunga. Sasa limegandana.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Mshonaji. Kitu cha kufunguka na kufunga mbio namna hiyo lazima kichoke.

— Si uchovu, alisema Profesa. Ni msiba. Jicho la kamera limezoea mkono mmoja miaka yote, leo linabonyezwa na mkono mwingine. Ng'ombe tu hukataa kukamuliwa na mgeni. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Inaingia taratibu. Tena nawaambia, limefumba kwa hiari yake. Limemwona babu, limemwona mjukuu, likasema, nimeshaona, inatosha.

Binti alitabasamu kidogo. Angeweza kuyakubali maneno hayo, kama angeachiwa akae nayo.

— Humu mna mafuta, alisema Fundi Saa, amekaza lenzi yake jichoni. Nani katia mafuta?

Mshonaji alikitazama kikombe chake.

— Marehemu alilalamika kitufe kizito. Nikampa tone la mafuta ya cherehani. Chuma kikilia si unakinywesha?

— Cherehani ndiyo inayokunywa, bwana. Vibati hivi hukimbia vikavu. Mafuta yamevishika kama gundi.

Mshonaji alimgeukia binti.

— Nilimpa kwa mapenzi, mwanangu.

— Najua, alisema binti harakaharaka, na papo hapo akagundua kwamba kweli anajua. Siku ile baba alirudi anapiga mluzi, akasema kamera yake imepata tabibu.

Mshonaji akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa.

Kuvisafisha kulikuwa na hatari yake, Fundi Saa akaeleza: vibati vikiachia, picha ile iko nyuma yake moja kwa moja, na mwanga utaila. Lazima kiza. Mshonaji akakimbilia ndani, akarudi na koti zito la mteja.

— Mwenye koti akisikia harufu ya petroli ya kusafishia? aliuliza Profesa.

— Atajua limefanya kazi.

Wakamfunika Fundi Saa mikono pamoja na kamera, pamba na petroli kidogo, kila mtu ameshika pindo.

— Profesa, nyamaza. Maneno yako yanapitisha mwanga.

Binti alishika pindo la chini kwa mikono miwili, na akaikumbuka sauti ya baba yake akimwelekeza siku ile: bonyeza kama unamgusa mtoto aliyelala. Chini ya koti vidole vilipapasa, vikasita, vikapapasa tena. Kisha, kche. Sauti ndogo, kavu.

— Limeachia, alisema Fundi Saa. Na filamu nimeisogeza mbele. Picha imeshapita, mwanga hauipati tena.

Mama Dobi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amefika na kikombe chake.

— Mnaficha nini humo?

Wakamweleza wote kwa pamoja: mafuta, msiba, jicho, ng'ombe. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Sawa. Lakini siku ile binti alipobonyeza, lilifunguka?

Fundi Saa aliigeuza kamera mkononi, akaigeuza tena. Mshonaji alikunja koti ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Binti alikuwa amelikimbia swali hilo tangu mazishini, akiamini atakayelitamka atamwangusha. Sasa lilikuwa limetamkwa, na yeye bado amekaa.

— Hakuna anayejua, alisema. Mpaka filamu isafishwe, picha itoke.

— Yupo mzee anayesafisha filamu, nyuma ya soko, alisema Fundi Saa.

Binti akasimama, akaipokea kamera, akakaza nguo iliyombeba mtoto. Mshonaji naye akasimama, akaufunga mlango wake.

— Wewe unakwenda wapi? aliuliza Profesa.

— Anakokwenda yeye.

Vikombe vikabaki benchini, kahawa inapoa. Binti alitembea polepole, maana wenzake walikuwa watu wazima, na kabla hawajafika njia panda Profesa alikuwa ameshaanza kueleza jinsi dawa inavyoitoa sura ya mtu kwenye filamu, anakosea kila hatua, na hakuna aliyemkatiza.