Shangazi Aliyenyang'anya Tarumbeta

Wasikilizaji wapendwa wa Tongatapu na visiwa vyote, songeni karibu na redio, maana leo nina mtu wa kuwasimulia! Ni Lisiate Moala wa Kolonga, mpuliza tarumbeta la besi katika bendi ya kanisa letu. Tulimzika Jumamosi. Alipatikana na saratani adimu ya pafu, akaishi miaka tisa. Miaka tisa, jamani! Wengi wenye aina ile hawamalizi hata miwili.

Mimi nilikuwa nakaa pembeni yake kwenye bendi. Siku moja, wimbo wa kufunga ibada umepamba moto, besi ikakatika. Nikamchokoza: "Vipi kaka, nguruwe wa jana amekukaba kooni?"

Hakucheka. Akasema, "Pumzi haifiki mwisho."

Jumatatu nikamkokota hospitali mwenyewe. Daktari hakuficha kitu. "Uvimbe ni mdogo. Uko mahali pamoja, haujasambaa. Na wewe bado una nguvu. Tukiukata wote sasa, una nafasi. Aina hii ukiichelewesha, haikusubiri."

Narudia, wasikilizaji: kuwahi, uvimbe kutosambaa, kukatwa wote, na mwili wenye nguvu.

Mnadhani Lisiate alikubali? Thubutu! "Nikatwe pafu, halafu besi niipulize kwa masikio?" Mkewe Kalesita akalia, mchungaji akaomba. Yeye akalikumbatia tarumbeta lake.

Ndipo akaja shangazi yake, Meleseini. Shangazi mwenyewe Lisiate alimbeba mgongoni utotoni, maana ni mdogo kwake! Lakini kwetu shangazi ni shangazi, neno lake halipingwi. Akimtaka nguruwe wako, unamfunga kamba unampa. Akaingia, akalitazama tarumbeta, akasema, "Hilo ni langu." Akalichukua, akageuka mlangoni. "Sasa huna cha kupuliza, baba. Panda ndege uende Auckland ukakatwe."

Akapanda! Nusu ya pafu la kulia ikabaki huko. Aliporudi tukampa ngoma kubwa, akaipiga mpaka tukamwomba atuhurumie. Akaozesha mabinti wawili. Kila Krismasi alilidai tarumbeta lake, na shangazi akamjibu, "Kalale huko!"

Mwaka jana ugonjwa ulirudi, safari hii umesambaa. Jumamosi Meleseini alikaa kichwani pa marehemu, mahali pake pa heshima, na tarumbeta kando yake, limesuguliwa linang'aa. Akaniambia: "Mara ya pili alikuja mwenyewe. Akasema, 'Shangazi, chukua chochote, uniamuru nipone tena.' Nikatazama nyumba nzima nitafute cha kumnyang'anya. Sikukiona."

Kalesita, mabinti, na wewe Meleseini, poleni sana. Lisiate apumzike kwa amani, sisi tumeumia.

Na wewe unayenisikia, yupo mtu nyumbani kwako anayekohoa wiki baada ya wiki, anasema ni vumbi tu. Unajua anachokipenda. Inuka ukamnyang'anye leo, umwambie atakipata akitoka kwa daktari.