Mama Yetu na Mkaa wa Msituni

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, kwa niaba ya familia naomba niwasomee kwa ufupi maisha ya mama yetu, na mkiona nasita mnivumilie, kwa kuwa tarehe zote nimezihakiki na bado naogopa kukosea mbele yake.

Mama alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1976 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya mambo ya kale. Aliajiriwa makumbusho, kwenye chumba cha chini chenye sinki mbili na hadubini moja, akichunguza mkaa ulioachwa na watu wa kale katika udongo wa msitu, hata wenzake wakamwita Mama Mkaa.

Tarehe 2 Agosti 1980 aliolewa na baba yetu, seremala, aliyependa kuwaambia wageni kwamba mkewe anajua walichokula watu wa miaka elfu tatu iliyopita, ila hajui kama mumewe amekula. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi.

Mwaka 1987 aliandika ripoti kwamba watu wa kale waliuchoma msitu wakauharibu, na kwa ripoti hiyo familia zilizoishi humo zikahamishwa ili kuulinda. Kosa lilikuwa kwenye chekeche la kuchekechea udongo: yeye na wenzake walihifadhi mkaa, maganda ya kokwa wakayatupa kama takataka. Aliporudi kuchimba mwaka 2006 na kuyachunguza maganda yaliyobaki udongoni, aliona kuwa kila palipowashwa moto mdogo miti ya matunda iliongezeka, watu waliupa msitu mwanga na mbegu, msitu ukawalisha, na ulipozidi kuwa mnene ukawalazimu kuhama. Aliandika upya, ila hakuna aliyerudishwa.

Mwaka 2019, figo zikiwa zimeanza kumsumbua, alikwenda kumwomba radhi bibi mmoja wa familia zile zilizohamishwa, aliyempokea msituni enzi za uchimbaji. Bibi alimtania kwamba amezeeka kumshinda yeye, kisha akamwambia, “Mwanangu, mimi nimeshakusamehe. Ile miti yetu je, nani anaipalilia?” Mama alirudi nyumbani na swali hilo.

Alifariki tarehe 14 Februari mwaka huu, alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wafanyakazi wenzake, na bibi huyo, ambaye amesafiri akiwa na miguu mibovu na yuko nasi hapa. Mama aliniagiza niseme mbele yenu kwamba msitu ule ulikuwa shamba la familia zile, na kwamba aliyeandika kinyume ni yeye mwenyewe. Nimesema, Mama. Sasa pumzika kwa amani.