Mikono ya Mama Fundi

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Karatasi hii niliyoshika nimeiandika upya mara sita, na asubuhi hii kwenye teksi bado nilikuwa nafuta. Mnivumilie. Ndivyo nilivyo, na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Wengi wenu mnanijua kama yule dada wa kusuka nywele pale mtaani Bellevue, hapa ugenini. Wengine mnanikumbuka kwenye maigizo ya Pasaka: mwaka mmoja mimi ni mke wa Pilato, mwaka mwingine mimi ni Petro, kwa sababu wanaume hawakuja mazoezini. Sikusomea uigizaji. Nilijifunza kwa kutazama watu na kuwaiga mbele ya kioo cha saluni wateja wakishaondoka. Nikaanza kwenda odisheni, kule wanakochuja waigizaji, mbali huko Randburg, hata Midrand. Nilipata vipande vidogo: mgeni anayekamatwa, mgeni anayelia, mgeni anayeuza nyanya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina.

Kisha ikaja nafasi ya mtu kamili. Mjane, fundi cherehani, anayewaficha watoto wake kwamba anaumwa. Nafasi kubwa, katika filamu. Walitaka video tu: ujirekodi nyumbani, utume kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Video ya namna hiyo inahitaji mtu wa kukusomea, yaani anayesimama nyuma ya simu na kusema maneno ya mhusika mwingine. Nilikuwa na rafiki. Sitamtaja, na wanaomjua naomba wasigeuze shingo. Naye ni mwigizaji. Tulikula sahani moja. Simu yake ilikuwa na kamera nzuri kuliko yangu. Alikuja chumbani kwangu siku tatu mfululizo, mchana, majirani wakiwa kazini.

Ndugu zangu, nawaambia, tulirekodi mara arobaini na moja. Kila mara niliona kosa. Hapo nimepumua mapema. Hapo mkono umechelewa. Na kila mara nilimweleza rafiki yangu kwa nini: kwamba mama huyu akiulizwa swali hunyamaza kwanza, hutoa pini mdomoni, hulainisha kitambaa kwa kiganja, ndipo ajibu. Nilikuwa namfundisha bila kujua kwamba ninafundisha.

Ijumaa ilifika nikiwa bado nasita kati ya video ya kumi na tisa na ya thelathini na saba. Saluni mteja ananisubiri. Rafiki yangu akasema, "Dada, wewe nenda kazini. Mimi nitachagua, nitatuma. Sharp, sawa?"

"Sharp," nikasema. Tena nikamkumbatia.

Jioni akaniandikia: "Imeenda." Na kweli ilikuwa imeenda. Ya kwake yeye, aliyojirekodi kwa siri.

Nilijua baada ya miezi, mikono yangu ikiwa kwenye kichwa cha mteja. Alikuwa anatazama tangazo la filamu kwenye simu. "Eish, huyu dada anajua," akasema. Nikainama kuangalia. Sura ya rafiki yangu. Ananyamaza. Anatoa pini mdomoni. Analainisha kitambaa.

Nilimpigia. Hakukana.

"Wewe ungechagua lini?" akaniuliza. "Saa sita ingepita ukitaka ya arobaini na mbili. Nafasi ingetupotea wote wawili."

"Ulisema imeenda."

"Ulitaka nikwambie nini, ulie?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli.

Hapo nilianguka. Niliacha maigizo hapa kanisani. Watu wa odisheni walinipigia, nikazima simu. Mtu akinitazama kidogo tu, nilihisi ananiiba. Kuomba nilikuwa naomba, lakini nilichoomba ni filamu ile ianguke. Nakiri mbele yenu.

Haikuanguka. Jumapili moja mchana ikaonyeshwa kwenye televisheni, na nyumba yetu nzima ikajaa chumbani kwa mama mmoja wa Bukavu, fundi wa nguo tunayepanga naye. Nilitaka kutoka, nikabanwa katikati ya watu. Yule mama akatazama, akaacha kutafuna.

"Nani amempa ule mutoto mikono yangu?" akauliza.

Nikalia. Nikamweleza yote: kwamba mikono ile niliiiba mimi kwanza, nikipita mlangoni pake kila siku kujifanya naomba chumvi, kisha nami nikaibiwa.

Nilidhani atanihurumia, au atanifukuza. Akafikiri. "Kwa hiyo weye ulinichukua bila kuniomba, naye akakuchukua. Na bado mulikosea wote wawili. Miye siweki pini mu kinywa, nitaimeza. Ile ni kijiti ya meno, mutoto yangu."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Nami, baada ya miezi minane, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Mara arobaini na moja, ndugu zangu, natafuta ukamilifu wa kijiti cha meno!

Wiki hiyo nikapata habari za mchezo wa jukwaani uliotaka mtu mmoja wa kuigiza wahusika watano. Mama akasema, "Leta simu, miye nitasoma." Alisoma hata maelekezo ya mwigizaji: "Analia anaenda mlangoni anarudi," bila kupumua. Tukarekodi mara mbili. Nikaomba ya tatu. "Hapana. Niko na nguo ya ndoa ya kumaliza." Nikaituma mwenyewe, huku najua kabisa kwamba kwenye sentensi ya pili nimepumua mapema.

Walinichukua. Sasa mimi ni mlinzi, nesi, polisi, bibi harusi na mchungaji. Baba mchungaji, usinitazame hivyo, nilikuomba ruhusa. Wote niliwaomba. Mlinzi wa geti alinisimamisha naye kutwa nzima, akaniambia miguu yangu ni ya mtu aliyelala vizuri.

Namshukuru mama yule, aliyekataa kusimama leo. Nawashukuru ninyi mliotuma watu kuniulizia nilipojificha. Mnasubiri niseme nimemsamehe rafiki yangu. Ninajifunza, sijaiva. Lakini nimejua hili, nanyi mlichukue: yeye alinichukulia nafasi moja. Zile zilizoniita kwa miezi minane nikazima simu, hizo hakuna aliyeniibia.