Skrubu Mbili Zilizobaki

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MWALIMU: Mimi, shemeji. Mume wa dada yako.

FUNDI: Ahaa, bado ni mumewe? Haya, za huko?

MWALIMU: Nzuri. Na hapo kwako... wote wazima?

FUNDI: Wote. Na mmoja wa ziada, tangu Ijumaa. Yeye kitandani kwangu, mimi kwenye kochi. Sema shida yako.

MWALIMU: Sina shida. Nabadilisha betri ya laptopu yake.

FUNDI: Wewe.

MWALIMU: Mimi.

FUNDI: Ile ya "kesho, mke wangu, kesho"? Mwaka wa pili sasa. Na unadhani betri ndiyo itamrudisha?

MWALIMU: Nataka arudi, shemeji. Nimeona nianzie hapo. Ila mfuniko nimefungua, betri haitoki. Nahisi kuna skrubu imejificha.

FUNDI: Hakuna skrubu. Imebandikwa kwa gundi. Unaing'oa kwa kutumia nini?

MWALIMU: Kisu.

FUNDI: Cha jikoni. Safi sana, profesa. Ukiitoboa inawaka moto, halafu na wewe uje tubanane hapa kwenye kochi. Kiweke chini.

MWALIMU: Nimekiweka.

FUNDI: Mbona nasikia kinakwaruza?

MWALIMU: [kishindo kidogo] Sasa nimekiweka.

FUNDI: Waya wa betri umeuchomoa kwenye bodi?

MWALIMU: Kitu cha kwanza. Mimi si mjinga.

FUNDI: Mimi sijasema. Kuna mtu hapa kasema.

MWALIMU: Yupo karibu?

FUNDI: Nani? Spiriti ya vidonda unayo? Dondoshea pembeni, iingie chini ya betri. Matone, usiiogeshe. Subiri dakika tatu.

MWALIMU: Haya, nimedondoshea. Dakika tatu ni nyingi.

FUNDI: Zinatosha kunisimulia ya Ijumaa.

MWALIMU: Sauti inakatika, shem—

FUNDI: Mtandao wako una akili kukushinda.

MWALIMU: Alisema mimi ni mtu wa kuanza. Kitanda nilianza, pangaboi nilianza. Eti hata kuomba radhi huwa naanza tu.

FUNDI: Ukamjibuje?

MWALIMU: Nilianza kumjibu.

[Mkwaruzo mrefu kwenye simu.]

FUNDI: Chukua kadi ya plastiki, ipitishe chini, taratibu. Kama unamnyanyua mtoto aliyelala.

MWALIMU: Inaachia... upande mmoja... usiongee kwanza— imetoka.

FUNDI: Ipeleke nje, kwenye ndoo ya mchanga. Si chini ya kitanda.

MWALIMU: Nani kakuambia naweka vitu chini ya—

FUNDI: Nina dada. Pachika mpya, funga, washa.

[Mlio wa bisibisi.]

MWALIMU: Shemeji.

FUNDI: Moshi?

MWALIMU: Imewaka. Kazi zake zote zipo. Na ile picha yetu kwenye kioo cha laptopu... hajaitoa.

[Sauti ya mwanamke kwa mbali.]

FUNDI: Naulizwa hapa. Skrubu zimebaki ngapi?

MWALIMU: Zibaki vipi? Nimefunga zo—

FUNDI: Anauliza tena.

MWALIMU: Mbili. Ndogo, lakini.

FUNDI: [pembeni] Mbili. Ndogo. Ndiyo, bisibisi ipo mezani, wapi tena... Shemeji, kachukua bisibisi yangu.

MWALIMU: Ya nini?

FUNDI: Na begi lake.

MWALIMU: Begi dogo au lile kub— Shemeji, salio linaisha, mwambie—

FUNDI: Mwambie mwenyewe, anavaa viatu. Na zile skrubu usiziguse, hata kama mkono unakuwasha—

[Simu inakatika.]