Tsongo Yonasani na Alichokisikia Kyondo

Wakwe zetu mliovuka mto Lhubiriha asubuhi hii, majirani wa Bwera na Kitswamba, madereva, watu wa kanisa na watu wa msikiti, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Medius, dada mkubwa wa marehemu, yule muuza samaki wakavu wa soko la Mpondwe. Familia imeniambia nisome kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, na nisiseme mengi. La kwanza nimelikubali.

Ndugu yetu Tsongo Yonasani alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1981 kule Kitswamba, mtoto wa tano wa wazazi wetu, ambao wote wametangulia. Mama alikwenda shambani asubuhi kupalilia mihogo, akarudi saa nane amembeba mtoto, jembe amelisahau hukohuko. Baba alimtuma mtu kulifuata jembe kabla ya kuuliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Mama alimkumbusha hilo baba mpaka alipokufa.

Alisoma shule ya msingi palepale Kitswamba, kisha sekondari mjini Kasese, akamaliza kidato cha nne mwaka 1999. Hesabu alizijua. Kiingereza alikijua lakini alikionea aibu. Baba alifariki mwaka uliofuata, basi masomo yakaishia hapo, na Tsongo hakulalamika hata siku moja, ingawa mimi nililalamika kwa niaba yake.

Mwaka 2001 Mzee Ziyad, ambaye namwona pale mbele amevaa kofia yake nyeupe, alimchukua awe utingo kwenye lori la kahawa. Mzee, ahsante. Wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha gari kwenye barabara za Kyondo, ambako tairi moja likikosea mnakutwa bondeni. Mwaka 2009 aliajiriwa kuwa dereva wa ambulensi hapa Bwera, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne.

Niwaambie namna alivyoifanya. Mgonjwa akianza kusinzia vibaya, muuguzi akipiga kelele nyuma, Tsongo alikuwa anauliza kwa sauti, "Mama, wewe bundu unapika namna gani? Unaanza na maji ao na unga?" Mgonjwa angechukia, angeanza kumfundisha, na kwa hasira hiyo angefika hospitali macho wazi. Aliniambia amefundishwa kupika bundu, ule ugali wetu wa mihogo, na wanawake zaidi ya arobaini. Nyumbani hakuweza hata kuchemsha chai, na wifi yangu yupo hapa, anaweza kushuhudia.

Alifunga ndoa na Gorret hapa Bwera tarehe 11 Desemba 2010. Mungu akawapa watoto watatu: Masika, Mumbere na Biira. Aliwapenda kwa kelele, akawaendesha mgongoni mwake huku akilia kama king'ora. Mwaka ule wa hofu ya Ebola mpakani, alikuwa akirudi kutoka kazini anaoga nje, analala kwenye jiko la uani wiki nzima, watoto wanamsalimu kwa mbali. Tuliona ni shujaa, tukamsifu. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje.

Sasa nafika kwenye kipande ambacho familia imekikalia vikao viwili. Baba mdogo Kambale alikuwa ameandika, "Marehemu aliugua kwa muda mfupi." Baba mdogo, nakuheshimu, na kalamu yako nimeirudisha. Miaka sita si muda mfupi, jamani. Marehemu mwenyewe, ambaye aliniita yaya, yaani dada, alinishika mkono hospitalini akaniambia, "Yaya, useme nilikuwa mgonjwa. Usiwaache waseme nilikuwa mlevi tu." Gorret amekubali niseme, na mwingine ambaye jina lake litasikika naye amekubali.

Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, baada ya mvua ya siku tatu, kilima kimoja cha Kyondo kiliporomoka kikafunika nyumba mbili. Tsongo, zaidi ya udereva, alikuwa kiongozi wa kikosi cha watu wa kujitolea cha uokoaji. Aliongoza watu saba, na mwenzake wa gari, Twaibu, alikuwa mmoja wao. Kazi yao huendeshwa kwa filimbi. Kiongozi akipuliza mara moja kwa kifupi, makoleo yote yanasimama, watu wanaziba midomo, hata mwenye kikohozi anakimeza, ili kusikiliza kama chini kuna anayeita au anayegonga. Akipuliza mara mbili kwa kirefu, wote wanaondoka mbio bila kuuliza, kwa sababu kilima kinakuja tena.

Saa tisa alasiri alipuliza kifupi. Watu wakanyamaza. Tsongo akasikia mtu akigonga chini ya udongo. Mara tatu, kimya, kisha mara tatu tena. Hapohapo akaona juu yake ufa unafunguka mlimani, unatoa maji. Alikuwa na watu saba pamoja na wanakijiji wanaochimba. Akapuliza mara mbili kwa kirefu.

Wote walitoka. Haikupita nusu saa, kilima kikashuka mara ya pili pale walipokuwa wamesimama. Twaibu ana mke na watoto wanne leo kwa sababu ya ile filimbi. Mama aliyekuwa akigonga aliitwa Tabisa. Walimtoa siku ya tatu.

Kwenye maziko yake, mume wake, Blasio, alimvuta Tsongo pembeni akamuuliza, "Ulisikia kitu?" Tsongo akajibu, "Hapana. Alikwenda mara moja, hakuteseka." Alisema hivyo kwa huruma. Blasio akashukuru. Na tangu siku hiyo, kila msimu wa kahawa Blasio akishuka Bwera, alipita kwa Tsongo na maharagwe au parachichi, wakaketi kwenye benchi la nje wakitazama barabara. Kila Blasio akiondoka, Tsongo alikunywa.

Alikuwa hawezi tena kukaa mahali pa kimya. Redio iliimba chumbani mchana na wakati wa kulala. Kanisani mchungaji akisema tunyamaze mbele za Bwana, Tsongo alinyanyuka akatoka nje. Tulisema amepoa katika imani. Wengine wakasema amerogwa, wakaja na maji ya maombi. Nami, kwa akili yangu hii ya samaki, siku moja nilizima ile redio apumzike vizuri, nikaificha kwenye gunia. Alinitafuta sokoni akitetemeka mwili mzima, akaniomba redio kama anavyoomba mtu mwenye kiu. Nikamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanaume." Maneno hayo niliyasema mimi, Medius, na leo nayatubu mbele yenu. Ndiyo sababu kwenye ratiba mliyoshika hakuna dakika ya ukimya. Wanakwaya, mkimaliza wimbo mmoja anzeni mwingine.

Mwaka 2023, mwezi wa Julai, simu ya dharura ilipigwa mchana, na Tsongo alikuwa ameshakunywa. Alikwenda mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akaufunga. Akampa Twaibu ufunguo akasema, "Peleka wewe. Mimi nitaua mutu." Hakushika usukani tena. Watu walimcheka hapa Bwera, nanyi mliocheka mnajijua. Mimi nasema siku ile aliokoa mgonjwa kama siku nyingine zote.

Twaibu ndiye aliyempeleka kwa muuguzi wa afya ya akili, Sista Atuhaire. Alimpeleka kwa ujanja, akamwambia wanakwenda kuangalia betri ya gari. Sista aliwakusanya madereva na waokoaji kila Alhamisi saa kumi, wakaketi kwenye viti vya plastiki wakazungumza yale wasiyoyasema kwa wake zao. Alhamisi mbili za kwanza Tsongo alizungumzia mpira. Ya tatu alisema habari ya filimbi, akalia mpaka Twaibu akamshika. Kuanzia Machi 2024 hakuonja tone la waragi. Alianza kulala. Redio akaipunguza sauti mwenyewe. Biira alituambia, "Baba amerudi," na mtoto hakuwa ameambiwa kwamba baba aliondoka.

Lakini ini lilikuwa limeshakwisha. Daktari alitueleza Oktoba mwaka jana, tumbo likiwa limejaa maji. Inauma kwamba mtu apone kichwa, mwili ukatae kumsubiri. Inauma sana, na sijui nimlaumu nani, kwa hiyo wiki hii nimewalaumu wote mliokuja karibu yangu. Mnisamehe.

Jambo moja lilibaki. Tsongo alitaka kumwambia Blasio ukweli. Sista alimuuliza kama yuko tayari, akasema yuko tayari, atapanda Kyondo mwezi wa Januari barabara ikikauka. Januari ilipofika hakuweza hata kupanda kitanda bila kushikwa. Akaniambia, "Nenda wewe, yaya. Asinizike akidhani nilimuambia kweli." Nikasema nitakwenda. Nikasema kesho, na kesho tena, maana nilikuwa naogopa. Utamwambiaje mtu kwamba mke wake alikuwa hai, anagonga, na ndugu yako akawaondoa watu?

Tsongo alifariki hospitalini Kasese, Jumamosi tarehe 7 Februari 2026, saa mbili asubuhi, Gorret akiwa ameshika mguu wake na mimi kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Nami nilikuwa bado sijakwenda.

Nilikwenda juzi, Jumapili. Familia ilinikataza, walisema utafungua kidonda cha watu, utaleta fujo kwenye maziko. Nilipanda bodaboda mpaka barabara ilipoisha, nikapanda kwa miguu. Nilimkuta Blasio akigeuza kahawa kwenye turubai. Habari ya kifo alikuwa ameshaipata, na shati la kuja nalo hapa lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Akanipa kigoda. Nikamwambia yote bila kuyapamba, kwamba Tsongo alisikia, mara tatu, na mara tatu tena, na kwamba alipuliza filimbi akijua. Nikangoja anitukane.

Blasio aliendelea kugeuza kahawa kwa mkono. Kisha akasema, "Mama, mimi pia nilisikia."

Nikamuuliza, "Ulisikia nini?"

"Kugonga. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua mbili tu, nimeshika koleo. Nilijua ile ni Tabisa. Tsongo aligeuka, akanitazama, nikamutazama. Akapuliza. Watu wakakimbia." Akaokota kokoto kwenye kahawa akalitupa. "Na mimi nikakimbia, mama. Hakuna mutu alinishika mukono. Ni miguu yangu."

Nikasema, "Basi kule makaburini kwa nini ulimuuliza?"

"Nilitaka aseme ndiyo. Angesema ndiyo, na mimi ningemuambia nilikimbia. Akasema hapana. Nikasema kumbe hakuniona vizuri, Mungu amenificha. Nikamuletea maharagwe."

"Miaka sita?"

"Miaka sita. Tunakaa pale kwa benchi, tunaongea bei ya kahawa."

Tulilia pale mpaka mama mmoja wa jirani akaja kuuliza nani mwingine amekufa. Kabla sijashuka nilimuuliza Blasio kama naweza kuyasoma haya. Akasema, "Soma. Nimechoka." Twaibu alimfuata jana kwa gari, na Alhamisi hii saa kumi kiti chake kipo kwa Sista Atuhaire.

Wenzangu mnaobeba wagonjwa, mnaochimba, mnaotoa watu mtoni: sisi wa nyumbani hatujui kuuliza. Tunajua kusema pole na jikaze. Tutajifunza, lakini mtakuwa mmekufa kabla hatujamaliza kujifunza, hivyo semeni nyinyi kwanza.

Marehemu Tsongo Yonasani ameacha mjane, Gorret, watoto watatu, Masika, Mumbere na Biira, dada wawili na kaka mmoja, baba mdogo Kambale, ambaye bado amenuna, Mzee Ziyad, Twaibu na waokoaji wenzake, wote hai, na Blasio wa Kyondo, ambaye familia imemkubalia abebe jeneza upande wa kichwa.

Tsongo, mtoto wa mama, nilichelewa siku moja. Lakini nimefika, nimemwambia, na hakukasirika. Alikuwa akikungoja useme. Lala sasa, Mungu akulinde.